Shikamooni wazee, naombeni njia

Najua nimeadimika hapa kibarazani na lawama zenu nimezipokea, lakini nyie si mnajua, mwanachuo akipotea mwezi mzima basi ama kafulia ama yuko TP. Mimi nilikuwa vyote viwili kwa mpigo. Hehehe.

Sasa tangu nibandike ile picha nimevaa kofia na glavu moja ya mkono wa kushoto, maswali hayaishi. Dada mmoja wa hosteli kaniuliza kwa huruma kabisa, glavu ya pili nimeibiwa? Hapana jamani, kwenye gofu wengi wanavaa moja tu. Lakini swali kubwa limekuwa hili: wewe mtoto wa Kibaigwa, gofu umeijulia wapi?

Ni kweli, Kibaigwa hakuna gofu. Kwa wasiokufahamu, kwetu ni mji mdogo wa wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, upo kando ya barabara kuu ukitokea Morogoro, ukishaipita Gairo. Kinachojulikana pale ni soko la mazao. Ukifika msimu wa mavuno malori yamejipanga, mahindi yanaingia, mahindi yanatoka, alizeti nazo zimo, vumbi ndo usiseme. Mama yangu ni mama lishe palepale sokoni, wateja wake ni makuli na madereva. Kwa hiyo mimi nimekua nikiangalia watu wanabeba gunia la kilo mia mgongoni, na wakati mwingine ni lumbesa kabisa limefungwa kichwa juu kama kilemba. Mtu aliyekulia hapo ukimwambia beba mkoba wa fimbo 14 uzunguke nao uwanjani halafu jioni unalipwa, atakukatalia vipi? Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza bumu lilikuwa limekata, kaka mmoja tunayepanga naye nyumba moja akanipeleka kiwanja cha gofu hapa Moro, nikawa kedi. Kedi ni yule mbeba mkoba anayemfuata mchezaji, anampa fimbo, anamtafutia mpira, na akiharibu anamwambia "siyo mbaya bosi". Jina la klabu nalihifadhi, mtajua kwa nini mbele ya safari.

Pale kwetu Jumatatu ni siku ya makedi kucheza. Wachezaji wazuri kibao wa nchi hii wameanzia hivyohivyo, kwa kubeba mikoba ya wengine, Lugalo, Arusha, Moshi, huko kote. Mimi nilianza na fimbo 7 za zamani alizonipa mama mmoja mwanachama, Mungu ambariki. Na sisemi mimi ni Madina Iddi, yule dada yetu anayekwenda kuchukua mataji nchi za watu. Mimi najua kuupiga mpira ukaenda mbele, mengine yanakuja.

Lakini leo sitaki kuwaelezea gofu yote, tutakesha. Nataka kuongelea jambo moja linalowapa watu presha kule uwanjani kuliko kitu chochote, hata kuliko dimbwi la maji. Ni kulipita kundi lililo mbele yako.

Iko hivi. Gofu mnacheza kwa makundi ya watu wawili, watatu, mwisho wanne kwa kawaida. Kundi linaanza shimo la kwanza, likishasogea mbele ya kutosha linaingia lingine, na lingine, kama mabasi yanayotoka stendi kwa zamu. Huwezi kupiga kama wa mbele hawajatoka kwenye umbali wa mpira wako, kwa sababu ule mpira pamoja na udogo wake, gramu 45 na ushee tu, ukikupata kichwani wewe ni wa hospitali. Sasa kundi la mbele likiwa taratibu, wanatafuta mpira kwenye nyasi, wanahesabu mikwaju kwa vidole, mmoja anaongea na simu, mwingine anasimulia harusi ya Jumamosi, nyuma inajengeka foleni. Kila mkwaju mnasubiri. Mwili unapoa, jasho linakauka mgongoni, na akili inaanza kufanya hesabu ambazo hujaitumwa.

Na msidhani ni matatizo ya Waswahili tu. Januari 2018 huko Torrey Pines, California, J.B. Holmes alisimama juu ya mkwaju mmoja wa shimo la mwisho zaidi ya dakika 4, dunia nzima inaangalia, na mwenzake Alex Noren kasimama pembeni anasubiri zamu yake. Mwaka huohuo mwezi wa Juni, Austria, waliandaa mashindano ya wacheza gofu wa kulipwa ambako kila kundi lilifuatwa na kigari chenye saa kubwa, sekunde 40 kwa mkwaju (anayeanza aliongezewa 10), ukizidisha unaongezewa mkwaju mmoja. Alishinda Mikko Korhonen wa Finland. Mwaka 2019 kanuni za gofu zikaandikwa upya, muda wa kutafuta mpira uliopotea ukashushwa kutoka dakika 5 hadi 3, na wachezaji wakashauriwa kila mkwaju usizidi sekunde 40. Na kuhusu kupita? Kanuni inasema makundi yanahimizwa kuyapisha yale yenye kasi zaidi. Yanahimizwa! Siyo yanalazimishwa. Yaani mambo yote yameachwa kwenye adabu za watu.

Hapo ndo shida inapoanzia, maana adabu zetu tunazijua. Mtoto hapiti katikati ya wazee waliokaa. Ukilazimika unainama kidogo, unasema naombeni njia, unapita na mikono yako umeikusanya. Kule kwetu Ugogoni hata salamu ina nafasi yake, "mbukwenyi" kwanza ndipo useme shida yako. Sasa fikiria wewe ni kedi, mbele yako ni wanachama wanne wenye vitambi vya heshima, ambao Jumamosi unawabebea mikoba na wanakulipa. Leo ukawaambie nipisheni?

Mimi kichwani huwa nina picha ya barabara. Mjomba wangu aliwahi kuwa utingo wa lori, njia ya Dodoma kwenda Dar. Nyie mliopanda mabasi ya huko mnajua, lori likiwa linapanda mlima taratibu, dereva wake anaona mbele kuliko wewe uliye nyuma. Akiwasha indiketa ya kulia anakwambia tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, pita. Anayekwenda taratibu ndiye mwenye kuona, ndiye mwenye kutoa ruhusa. Mjomba alikuwa anasema madereva wabaya ni wa aina mbili, anayepiga honi nyuma yako mlima mzima, na yule ambaye umeshamwashia ya kushoto halafu akifika ubavuni kwako anaanza kupunga mkono na kushukuru, mko wawili sambamba, na mbele kuna kona.

Haya, sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Ilikuwa Jumatatu ya Saba Saba, 7 Julai 2025. Makedi tulikuwa na mashindano yetu, na kwa kuwa ni sikukuu wanachama nao walikuwepo uwanjani, wameruhusiwa kuanza kabla yetu. Wanachama wachache walikuwa wamechangishana zawadi, fedha taslimu, kwa mshindi wa kwanza na wa pili. Siwatajii kiasi ila ile ya kwanza ingenilipia chumba, nauli na chakula kipindi chote cha TP, na hata ya pili ingenisogeza, na nyie mnajua mwezi wa saba mwanachuo anavyokuwa. Nilikuwa nimepangiwa shule ya mbali. Nisipopata hela ya kwenda kuishi kule, ilikuwa niandike barua ya kuomba kubadilishiwa shule nikafundishie nyumbani, na kubadilishiwa siyo kazi ya siku moja. Kwa hiyo wenzangu walikuwa wanacheza gofu, mimi nilikuwa nacheza kodi ya chumba.

Tulikuwa watatu. Mimi, kaka mmoja wa Kilosa mwenye nguvu za ajabu, na mzee wetu mmoja kedi wa siku nyingi, ameanza kubeba mikoba sijazaliwa. Mashimo sita ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri, yaani nilikuwa najishangaa. Kufika la saba tukalikuta kundi la wazee wanne limesimama. Tukasubiri. La nane tukasubiri tena, robo saa nzima tumekaa juu ya mikoba. Na mmoja wao... wadau, mmoja wao alikuwa mwalimu wetu hapa chuoni! Msiniulize jina. Nitasema tu kwamba ametufundisha mbinu za kufundishia, na kwenye karatasi ya wasimamizi wa TP jina lake lilikuwemo.

Yule wa Kilosa uvumilivu ukamwishia. Akasema ngoja nipige mmoja udondoke nyuma yao hatua ishirini, watashtuka wenyewe. Mzee akamwangalia tu. Akamwambia, "Huo mpira siyo honi." Kisha akafanya kitu ambacho mimi nimekihifadhi. Kwanza alipanda kwenye kijiinuko akatazama mbele ya wale wazee. Akatuonyesha, shimo la tisa tupu, la kumi tupu, hakuna mtu. Ndipo akasema sasa tunaweza kuomba. Maana kama mbele pamejaa, kupita kunasaidia nini? Ni sawa na foleni ya malori pale Kibaigwa mwezi wa saba, unalipita moja unakuta tako la lingine, umemkera mtu bure.

La tisa ni shimo fupi, mikwaju 3, kama mita 130 hivi, na upepo wa mlimani unakuja kwa ubavu. Wazee walikuwa wameshafika kwenye grini, yaani lile eneo la nyasi zilizonyolewa lenye bendera. Mzee wetu akaenda kwa miguu mpaka karibu nao, akavua kofia. Tulimsikia vizuri. "Shikamooni wazee. Naombeni njia, mbele kuna nafasi." Basi. Hakusema mnachelewa, hakusema tuna mashindano. Wakaitikia marahaba, wakaangalia mbele, wakasema ehee kweli, piteni vijana. Wakasogea pembeni ya grini, wanne wote, wakaegemea fimbo zao kama watu wanaosubiri sinema ianze.

Sasa hapa ndo presha yenyewe. Watu wanadhani ukishapewa njia mambo yamekwisha, kumbe ndo yanaanza. Umesimama peke yako, kundi zima limeacha mchezo wake kwa ajili yako, na kila sekunde unaiona kama unaila kwenye sahani ya mtu mwingine. Kitu cha kwanza mwili unachotaka ni kulipa lile deni haraka. Piga uondoke! Usijaribie fimbo, usiangalie upepo, piga tu watu wasikusubiri.

Yule wa Kilosa akafanya hivyohivyo. Alichomeka mpira, hajasimama vizuri, paa! Ukaenda kulia kwenye mijohoro, tukasikia ko, ko, ko, kimya. Wazee wakasema "duh" kwa pamoja.

Zamu yangu. Mwalimu kaniona, nikamwona ananiona. Jamani moyo ulikuwa unapiga mpaka kwenye masikio. Nikajisemea, mimi kila siku nafanya nini kabla ya kupiga? Nasimama nyuma ya mpira. Natafuta jani au kijiti hatua moja mbele, kwenye mstari. Natikisa fimbo mara mbili. Natoa pumzi. Napiga. Nilishawahi kujipima kwa simu, vyote hivyo ni kama sekunde 20. Kanuni inanipa 40. Yaani hata nikifanya kila kitu kama kawaida bado nina nusu ya muda wangu mkononi, sasa haraka ni ya nini? Wadau jaribuni hapohapo mlipo, hesabuni 40 polepole. Umeona ilivyo ndefu? Unaweza kumenya ndizi ukaila.

Nikachukua namba 6, nikafanya vile vyote, jani, mara mbili, pumzi. Mpira haukwenda kwenye bendera, msije mkadhani hii ni filamu. Ulianguka kabla ya grini kidogo, kwenye nyasi, mahali pasafi. Mzee akapiga wake, ukakaa juu ya grini kama kawaida yake. Kisha yule wa Kilosa akatangaza mpira wa akiba, na safari hii mzee akamshika bega, akamwambia vuta pumzi kwanza, hao wazee hawana basi la kuwahi. Akaupiga vizuri tu, ukafika.

Tulivyokwenda mbele yeye akataka kuingia mijohoroni kutafuta ule wa kwanza. Mzee akakataa. Umepewa njia halafu unawasimamisha watu utafute mpira? Uache. Akauacha, akamaliza kwa 5. Mimi nilisogeza, nikasukuma mara mbili, 4. Mzee 3.

Mimi nafundishwa hesabu za kufundishia, kwa hiyo nimezikalia hizi nikaona mwenyewe. Sisi watatu kila mmoja akiharakisha, akaokoa sekunde 10, tumewaokolea wale wazee nusu dakika. Mpira mmoja tu ukipotea kwa sababu ya ile haraka, kuutafuta ni hadi dakika 3. Ile asante yetu ya kukimbia ingewagharimu wao mara sita ya walichookoa! Mtu aliyekupisha hajakuomba ukimbie. Amekuomba upite. Ni vitu viwili tofauti na nadhani wengi wetu tunavichanganya, mimi naona hata kwenye mambo mengine, mtu akikusaidia unajibana mpaka unaharibu kile alichokusaidia.

Kulikuwa na mtihani mwingine pale, mdogo lakini wa Kiswahili sana. Salamu. Nimefika pembeni ya grini, mwalimu yupo, nitapitaje? Nikasema shikamoo mwalimu. Akasema marahaba, kumbe na wewe uko huku, habari za masomo, na nyumbani Dodoma mvua zilikuwaje mwaka huu? Hapo mnajua wenyewe, salamu kamili inaweza kuchukua muda kuliko shimo lenyewe. Mzee akaniokoa, akasema "Mwalimu, mvua za Dodoma atakuja kukusimulia klabu," watu wakacheka, tukaondoka. Nimejifunza hapo kwamba kukatisha salamu siyo lazima iwe utovu wa adabu, inategemea anayekatisha amevua kofia au hajavua.

Shimo la kumi nalo lina shetani wake ambaye hamsikii watu wakimtaja. Umeshapita, mbele ni peupe, nyuma kuna watu umewapita. Sasa unajihisi unafukuzwa. Unaona wakikufikia tena itakuwa aibu, watasema si walitaka njia hawa? Yule wa Kilosa alianza kutembea kama anakimbilia daladala. Mzee akamwambia neno moja, "Tembea." Na kweli, tulipofika la kumi na mbili nikageuka, wazee walikuwa wadogo kama kuku huko nyuma, na wanaonekana wana furaha zao, hakuna tena mtu wa kuwapumulia kisogoni. Nikagundua kumbe na wao walikuwa na presha, ya kusubiriwa. Nyie mlio taratibu, na mimi siku nikiwa na mgeni asiyejua nitakuwa taratibu vilevile, hamna haja ya kujitetea. Angalia nyuma mara mojamoja. Kama kuna watu wamesimama na mbele yako pako wazi, washa ya kushoto. Dakika tano zimekwisha unarudi kwenye hadithi yako ya harusi.

Matokeo? Nilikuwa wa tatu. Zawadi zilikuwa mbili. Mzee alikuwa wa kwanza, mkwaju mmoja ulinitenga na wa pili, ambaye siyo yule wa Kilosa, alitoka kundi lingine. Nilipewa glavu, ndiyo ile mliyoiona kwenye picha. Nilienda chooni nikalia kidogo nikanawa uso, nikatoka nikapiga makofi. Kesho yake nikaandika barua, na baada ya kuzungushwa ofisi mbili tatu nikabadilishiwa shule. TP nikafundishia nyumbani, Kibaigwa, nalala kwa mama, asubuhi naondoka na chapati mbili za bure.

Na kule darasani, msicheke, nikakutana na jambo lilelile limevaa sare. Darasa limejaa, kipindi ni dakika 40, unauliza swali, hujamaliza kuna watatu wa mbele wameshainua mikono mpaka wanatoka kwenye viti, "Mimi mwalimu! Mimi!" Hao ndo kundi la nyuma lenye kasi. Na kuna watoto wengine pale kati unaona kabisa jibu linakuja, liko njiani, linapanda mlima na mzigo. Ukimpa nafasi yule wa mbele kila mara, hawa watazoea kuwa wanapitwa na hawatajaribu tena. Ukiwanyima wenye kasi, wanachoka wanaanza kuchora kwenye daftari. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, aliwapima walimu huko miaka ya 1970, akakuta wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kisha wanarukia. Wakifika sekunde 3 majibu yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanajibu. Haya tulifundishwa na yuleyule mwalimu wa grini! Nikikumbuka alivyotusimamisha robo saa shimo la nane nasema mwenzetu huyu nadharia anaiishi kwa vitendo. Hehehe.

Basi nikawa nafanya hivi. Wenye kasi nawapa swali lao gumu waende nalo mbele, kimyakimya, kwenye daftari. Kisha nauliza tena lile la kwanza na nahesabu kichwani, moja, mbili, tatu. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa zima ni ndefu kuliko 40 za gofu, nawaambia ukweli.

Wiki ya nne mlango ukafunguliwa, mwalimu huyo hapo, na faili lake. Akakaa dawati la nyuma kabisa karibu na dirisha. Nikasikia masikio yanaanza kupiga. Nikageukia ubao, nikaandika tarehe, nikaandika mada, nikatoa pumzi, nikauliza swali langu nikahesabu tatu. Binti mmoja ambaye mwezi mzima sikuwahi kusikia sauti yake akajibu. Nusu ya jibu, lakini akajibu.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mti wa shule akaniandikia maoni yake, mengine mazuri mengine ya kurekebisha, mwandiko wangu ubaoni unapanda mlima anasema. Akasaini. Nikamsindikiza barabarani kusubiri basi la Dodoma, malori yanapita, vumbi. Tukakaa kimya muda. Mara akaniuliza, "Hivi lile shimo la tisa siku ile ulitumia namba ngapi?"

Nikamwambia namba 6, Mwalimu.

"Mimi huwa natumia 8."

Nikamwambia nafahamu, Mwalimu, Jumamosi nawaonaga mkiingia mchangani.

Akacheka mpaka akavua miwani. Basi likaja, akapanda.

Haya wadau, bando linaelekea ukingoni na mama ananiita nikamsaidie kuosha masufuria. Mchango wenu wa mawazo karibuni. Jina la mwalimu sisemi ng'o.